Shabani Ameshuka Hedaru

Jumamosi jioni

Sikutegemea kumwona tena. Mchana basi la Arusha lilipata pancha mbele ya banda langu la vitunguu, akashuka Shabani, yule aliyeniangusha raundi ya sita na kuninyang'anya mkanda wa ubingwa. Baada ya hapo nilipoteza mapambano matatu, nikarudi nyumbani kimya kimya.

"Bingwa," akaniita. Sikujua nimkumbatie au nimfukuze. Mke wangu, Neema, alikwisha kumpa kiti na chai ya tangawizi.

"Kaka, siku ile ulikuwa umenivunja mbavu mbili," akasema. "Ungeinuka tu, mimi ningekaa chini mwenyewe."

Miaka tisa nimejiona mtu aliyepigwa kirahisi. Nilicheka hadi machozi.

"Mmevunjana mbavu halafu mnacheka?" Neema akauliza.

Jicho la kushoto, lililoumia ulingoni, bado linanitia hofu. Nikifumba la kulia, milima ya Pare inakuwa ukungu mtupu. Shabani amenisihi niende hospitali, na nitakwenda.

Sasa hivi Neema amenikuta jikoni nikirusha ngumi hewani. Amesogeza tu meza ukutani, nipate nafasi.