Mkwe Wangu Alipiga Hodi Meli Ikija

Bi Umi mpendwa,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hukunizidi basi niwie radhi, naomba unisaidie kwa jambo ambalo nimewaeleza jamaa zangu wawili hapa Utende na wote wawili wamecheka, nami sioni cha kuchekesha.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, mwenyeji wa hapa Mafia, na tangu nistaafu nina yoti ya matanga niliyoipata kwa wageni wawili, mume na mke, waliokuwa wakizunguka nayo dunia mpaka walipofika Ghuba ya Chole na mke akasema hapandi tena. Chini ina chumba kimoja cha kulala na jiko dogo, usukani uko nyuma, nje. Mimi na mke wangu Biubwa tunazipenda safari zake, na kwa kuwa kwenda Dar es Salaam au Pemba hakumaliziki mchana mmoja inabidi tusafiri usiku kucha, mmoja akishika zamu wengine wanalala, na sisi wawili kwa umri wetu hatutoshi, ndiyo maana tunamchukua Luqmani, mume wa binti yetu Faraja, fundi wa maji, kijana mwenye nguvu, hatapiki baharini, na zaidi ya yote ana adabu, na hapo kwenye adabu ndipo lilipo tatizo langu.

Sheria ya chombo changu ni moja: aliye zamu akiona taa za meli asibadili mwelekeo kwa akili yake, aje aniamshe. Mwezi uliopita tulikuwa tumeshaipita Ras Mkumbi, mnara wa taa umebaki nyuma, mimi na Biubwa tumelala chini, Luqmani yuko zamu, akaona taa za meli ya makontena, akaona zinatujia. Akashuka ngazi, akasimama nje ya chumba chetu, ambacho mlango wake ni pazia, akasema hodi. Hakujibiwa. Akasema ya pili, kimya. Akasema ya tatu, kimya. Akapanda juu akakaa.

Kilichoniamsha ni honi ya meli yenyewe. Nilipotoka nikaikuta ubavuni kwetu, ndefu kuliko soko la Kilindoni, nikauzungusha usukani kwa nguvu zangu zote, ikatupita, na mawimbi yake yakaangusha kila kilichokuwa jikoni pamoja na sufuria ya wali.

Nikamuuliza, "Luqmani, kwa nini hukuniamsha?"

"Nilipiga hodi, Baba."

"Halafu?"

"Hamkujibu."

"Kwa hiyo ukaonaje?"

"Nikaona mmepumzika."

Nikamwambia, "Mwanangu, pazia lile ungelifunua tu."

Akainamisha kichwa. "Baba, na mama mkwe yumo ndani amelala. Ningelifunuaje?"

Biubwa alikuwa amesimama ngazini amejitanda khanga, nikatazamia ataniunga mkono. Akasema, "Hodi zote mimi nilizisikia." Nikamuuliza mbona hakuitika. Akasema, "Sikuwa na mtandio kichwani, nilikuwa naupapasa gizani. Tena mkwe haitikiwi na mama mkwe kutoka kitandani. Nilikuwa nakungoja wewe mwenye nyumba."

Bi Umi, ningependa ujue kwamba kijana huyu hakuzaliwa na adabu hiyo. Siku ya kwanza alipokuja kwangu, kabla ya posa, alipiga hodi moja akaingia mpaka sebuleni. Nilimrudisha getini, nikamweleza kwa utaratibu kwamba hodi ni tatu, na usipojibiwa unarudi ulikotoka bila kinyongo. Hajakosea tangu siku hiyo. Na katika safari yetu ya kwanza, ambayo Biubwa hakuwepo, aliingia akanitikisa bila shida yoyote kwa sababu ya taa alizoziona, ila zilikuwa karabai za wavuvi, basi nikakaa naye nikamfafanulia tofauti ya taa za wavuvi, za meli na za minara mpaka kukapambazuka. Hilo nalitaja tu ili ujue kwamba sikumnyima elimu.

Sasa baada ya Idi tunakwenda Wete, Pemba, kwa mama yake Biubwa, ambaye ni mtu mzima sana na amemwita binti yake. Nilikusudia kumchukua jirani yangu Jumanne badala ya Luqmani. Faraja akaja kwangu akasema, "Baba, ukimwacha mume wangu nchi kavu Utende nzima itajua umemkataa, na mimi hapa sikanyagi tena." Nikimwacha nitampoteza binti, nikimchukua huenda tusifike. Nifanye nini?

Mwalimu Mansuri, Utende, Mafia

*

Mwalimu Mansuri,

Marahaba, maana nimekuzidi.

Pole kwa mshtuko, na Biubwa pole kwa wali. Jamaa zako wamecheka kwa sababu mmerudi. Msingerudi, wangekuwa wanakusomeeni hitima.

Umwache mkwe wako? Usimwache. Kijana alifanya kile alichofundishwa na mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyeniandikia barua ndefu ya kumshitaki. Ulimwambia akipiga hodi tatu asijibiwe arudi bila kinyongo. Akarudi, na kinyongo hana. Hukumwambia kwamba somo lile lilikuwa la nyumba yenye geti, wala halihusu chombo kilicho mbele ya meli ya makontena. Meli ilipiga honi moja tu, haikungoja kuambiwa karibu, na nyote mkaamka.

Halafu kuna lile ulilolitaja "tu ili nijue". Mara ya kwanza kijana alikuamsha vizuri, kama ulivyoagiza, nawe ukamshukuru kwa kumsomesha mpaka asubuhi. Mimi si mkwe wako, lakini hata mimi ningeona heri ulale.

Biubwa, najua unasomewa haya. Luqmani ni maharimu wako. Akikiona kichwa chako hakuna dhambi, kuna haya tu, na haya huisha watu wakishafika salama. Kama bado huwezi, lala na mtandio wako, na ukisikia hodi baharini mpige mumeo kiwiko.

Sasa fanyeni hivi. Chumba aachiwe Biubwa. Wewe, Mwalimu, ulale nje kwenye benchi karibu na usukani, mahali ambapo hapana mlango wa kupigia hodi. Mvua ikikuingiza ndani, jifunge kamba kwenye kifundo cha mguu, ncha ya pili aishike aliye zamu, akiona taa aivute. Hatafunua pazia wala hatamgusa mama mkwe. Na ile sheria yako ibadilishe leo: meli ikiwa karibu, Luqmani ageuze usukani kwanza, akuamshe baadaye. Mtu anayeaminiwa mabomba ya mji mzima, usukani hautamshinda.

Na kwa kuwa kamba huweza kukatika, kabla ya Pemba mfanye mazoezi mchana, yoti ikiwa imetia nanga hapo ghubani. Lala chumbani, Biubwa akae pembeni amevaa buibui lake akitaka, Luqmani ashuke, afunue pazia, akutikise. Akikugusa bega kwa vidole viwili, mrudishe juu aanze tena, mpaka akutikise kama anayeangusha ukwaju. Biubwa ndiye atakayesema sasa inatosha. Jumanne abaki nyumbani kwake.

Leo jioni nenda kwa Faraja, umwombe radhi mumewe kwa kutaka kumwacha. Pale piga hodi tatu, maana pana mlango.

Na usiku mtakapokuwa safarini, kamba ikivutwa, amka utazame. Hata zikiwa karabai, sema, "Ahsante, mwanangu," urudi kulala. Usimweleze kitu.

Bi Umi