Maneno Yetu Yaliyotiwa Kwenye Kaseti

Kyumbi, Machakos

Dada yangu mpendwa Mama Wanjiru,

Pokea salamu za ndugu yako ambaye bado anapumua. Mko aje huko Murang'a? Mguu wa mama umepona? Mimi niko, ila tu mgongo unanisumbua, na moyo ndio mbaya zaidi.

Unakumbuka nilikwambia mimi ndiye nguzo ya hiki kiwanda cha unga? Nikikohoa, mashine inapunguza mwendo. Hata Wakamba wanakubali Kikamba changu kimepita chao. Basi alikuja mama mmoja msomi wa chuo kikuu, ameletwa na meneja, akiwa na redio ya kurekodi. Akawa anakaa na sisi saa ya chakula, pale tunapokula muthokoi kwa sufuria moja, anarekodi vile tunavyoongea. Halafu anaandika maneno yetu kwa vikadi, anavipanga mafungu, anauliza, "Hili ni aina ya nini? Linatembea na neno gani?" Alisema kuna mambo wafanyakazi wanajua ambayo hayajaandikwa popote, lakini yanaonekana kwa maongezi yao.

Akaona neno moja linarudi kila siku: "nishikie". Akauliza maana. Wenzangu wakaangalia chakula. Mzee Mutua, yule aliyenipokea kwake nilipofika huku bila hata blanketi, akaninong'oneza, "Karanja, kula."

Lakini mimi na huu mdomo! Nikasema, "Mama, hapa mtu akiugua hapotezi kazi. Anasema 'nishikie', wenzake wanabeba magunia yake, msimamizi haoni kitu. Mutua hapa mgongo umekwisha, mimi ndiye namshikia. Magunia mawili bega moja, na ninapiga mluzi!"

"Na wewe hushikiwa na nani?"

"Mimi? Nani ataweza mzigo wangu?"

Wote walicheka, isipokuwa Mutua. Nilipougua taifodi, yeye ndiye alinishikia mpaka nikapona. Hiyo sikusema.

Yule mama aliahidi hataandika jina la mtu, na kweli hakuandika. Ripoti yake iliisifu hiyo desturi, eti ni hekima ya kiwanda. Meneja, yule mtu asiye na haya, hakuona hekima. Aliona watu wanaolipwa bila kubeba. Akatupanga mstari, kila mtu abebe gunia lake, yeye akiangalia. Mutua alifika katikati akapiga magoti. Jioni akafutwa.

Nikamfuata getini. "Mzee, ni yule mama na kaseti zake!"

"Yule mama ni mgeni," akasema. "Wewe ulikula kwangu."

Siku hizi kila mtu anakula kwa kona yake. Nikikaribia, wanaanza kuongea mambo ya mvua. Yule mama alirudi na redio yake, akaondoka na kaseti nzima ya milio ya vijiko tu.

Jana mgongo wangu ulikataa. Nilisimama mbele ya gunia, nikafungua mdomo, nikakosa wa kumwambia "nishikie". Nikaliburuta kama mbwa aliyekufa.

Nisalimie mama, na shemeji aliyenifundisha baiskeli, na jirani wetu fundi cherehani. Nitengenezeni kile chumba karibu na zizi, naona siku zangu hapa zimekaribia kwisha. Na watoto wako wakiuliza mjomba anabeba magunia mangapi, waambie ni moja, na lilimshinda.

Ndugu yako wa tumbo moja,
Karanja