Mkono Ndio Uliochoka

Nchiru,
Jumatano, 19 Novemba

Dada yangu mpendwa Mukiri,

Pokea salamu zangu, wewe na Shemeji Njue na watoto wote hapo Kanja. Huku tuko, mvua imetuonea huruma mwaka huu na maharagwe ya Mama yameanza kutoa maua. Natumaini goti la shemeji limepoa, na kwamba yule ng'ombe wenu mkorofi ameacha kupiga ndoo teke. Mwambie mtoto wenu mdogo kwamba picha aliyonichorea nimeibandika ukutani, hata kama mimi kwenye hiyo picha nina miguu mitatu.

Najua umeshtuka kuona barua. Siku hizi mtu huandika barua akiomba kazi ama akiiacha. Ningepiga simu, lakini nakujua, ungenikatiza kwa swali nami ningepata mwanya wa kutoroka. Ningekutumia ujumbe wa sauti, lakini sauti yangu siku hizi siiamini. Naandika kwa Kiswahili badala ya Kimeru chetu ili shemeji asome mwenyewe, asitegemee mtu wa kumtafsiria. Mambo ya kutafsiri ndiyo yametufikisha hapa.

Wiki jana uliniuliza kama najua kwa nini Naftaly ameondoka Ishiara bila kuaga. Shemeji alikuwa ameenda sokoni kununua ndengu, akapita pale ndugu yetu anapopakia magunia ili amsalimie kama kawaida yake, akaambiwa alikusanya nguo zake akaenda, na simu ameizima. Nilikujibu kwamba sijui. Dada, nilijua hata kabla hujamaliza kuuliza. Nivumilie nikueleze hatua kwa hatua, maana nikianzia mwisho hutanisoma hadi chini, na nahitaji unisome hadi chini. Lazima Naftaly apatikane.

Shemeji hajawahi kuelewa kazi yangu, basi aelewe leo. Mimi huchukua muvi ya wazungu, nikapunguza sauti kidogo, nikaongea juu yake kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Mwenye bastola nampa jina la mtu wa huku, anayetoroka namwambia akimbilie kwao Igembe, na wapenzi wakibusiana nawauliza kama wazazi wao wanajua. Wanafunzi wa hosteli hujaa katika kile chumba changu cha mabati hadi wengine husimama mlangoni. Sheria ya kazi hii ni moja: usikubali kimya. Ukinyamaza sekunde tano, mtu anakurushia ganda la karanga.

Sasa mwezi wa tisa kukatoka trela ya muvi moja ya shujaa mwenye nguvu za ajabu, muvi itakayokuja Disemba. Si ile ya kawaida ya mtu kuvaa nguo za kubana na kurukaruka juu ya magorofa. Hii ni nzito. Mji unaanguka, daraja limekatika, na huyo shujaa ananing'inia akiwa amemshika mzee mmoja mkono. Yule ambaye tumemwona akiinua lori zima anashindwa na mzee mmoja. Mkono unateleza. Halafu anakaa chini kwenye vumbi akiutazama mkono wake karibu nusu dakika, hakuna muziki, hakuna neno.

Wueh, hiyo trela ilivuruga Nchiru nzima. Vijana walibishana hadi nikadhani ni siku ya kura. Wengine walisema hatimaye wametengenezewa muvi ya watu wazima. Wengine walikasirika kabisa, wakauliza shujaa wa aina gani anashindwa na mzee, si afadhali waite fundi wa daraja. Gatwiri anayetuuzia chapati aliitazama kwa simu ya mteja akasema yeye haoni kitu, ni giza tupu kama stima imepotea, na kwamba mwanamume mzima kukaa chini kulia na hali kuna watu wa kuokolewa ni uvivu. Lakini kuna msichana mmoja wa Maua, jina lake Ebla, anayesomea ualimu hapa. Yeye alisema ameitazama mara nyingi na kila ikifika pale pa kimya anafunika uso. Alisema ni mara ya kwanza muvi kumwachia nafasi ya kuhuzunika.

Wote walikubaliana jambo moja tu: wanataka niitafsiri. Walinisumbua wiki mbili, kila nikipita naulizwa trela iko wapi. Na mimi, unavyonijua na sifa, nikaingia chumbani adhuhuri moja, nikafunga mlango, nikampa shujaa jina la Kobia, nikaanza. Mji ukaanguka, nikaongea. Daraja likakatika, nikaongea. Tukafika pale anapokaa chini akitazama mkono. Sikuwa nimeandika kitu cha kusema hapo. Kimya kikawa kinakuja, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Kobia akasema hivi: "Mwambieni Mama nilimshika. Mkono ndio uliochoka, si mimi."

Niliyasema kwa ile sauti yangu ya mzee anayelia kwa pua, ambayo watu hulipia kusikia. Nikaiweka mtandaoni siku hiyo hiyo.

Dada, sijawahi kuona kitu kama kile. Kufikia jioni simu yangu ilikuwa ya moto mkononi. Watu waliandika kwamba mbavu zao zimeisha, kwamba wamefukuzwa darasani kwa kucheka, kwamba nipewe tuzo. Halafu yale maneno yakatoka kwenye trela yakaanza kutembea yenyewe. Kipa akifungwa bao, anapiga kelele kwamba mkono ndio uliochoka. Mwanafunzi akianguka mtihani anasema vivyo hivyo. Kuna mchungaji mmoja aliyatumia katika mahubiri, kanisa zima likaanguka kwa kicheko. Hata shemeji alinitumia hiyo trela na vicheko chungu nzima. Shemeji, usijilaumu, wewe hukujua kitu.

Ni Ebla peke yake hakucheka. Alikuja hadi mlangoni kwangu, akaniuliza kwa heshima yale maneno niliyasikia kwa nani. Nikamwambia nimeyatunga. Akasema mtu hatungi maneno kama yale, kwamba yeye aliwahi kufiwa na kaka na anajua jinsi mtu husema akiwa na jambo hilo kifuani. Nikamwambia aketi kwanza nimwekee muvi nyingine. Akaenda zake.

Nilipoenda nyumbani mwezi jana, akina mama wa kanisa walikuwa wameshamwonyesha Mama. Alinipokea akicheka, akaniambia kumbe ana mtoto maarufu, kisha akaniomba nimwigizie pale pale jikoni. Nikamwigizia. Alicheka hadi akajipangusa macho kwa leso, akaniomba nirudie. Nikarudia. Tangu Baba afariki sikuwa nimemwona Mama akicheka hivyo, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

Sasa sina tena pa kujificha.

Unakumbuka jinsi Baba alivyokufa. Sikurudishi huko ili nikuumize. Mvua ile ya miaka mitatu iliyopita, yeye na Naftaly wakitoka kupeleka maziwa, mto umefunika daraja la magogo, Naftaly akatoka na Baba hakutoka. Unakumbuka maneno yaliyosemwa, kwamba kijana alijiokoa akamwacha mzee. Na unakumbuka Mama kaburini, mbele ya watu wote, akimwambia kwamba aliyetoka majini peke yake aendelee peke yake. Naftaly hakujitetea hata kwa neno moja. Aliondoka kabla watu hawajamaliza kula.

Mwezi wa nane mwaka huu alinitumia ujumbe wa sauti. Miaka mitatu hajawahi kusema lolote kuhusu siku ile, na siku aliyojaliwa kusema alinichagua mimi. Alisema kwa Kimeru, polepole, nyuma yake unasikia watu wa soko. Alisema, Mithika, mwambie Mama nilimshika. Nilimshika hadi nikasikia mifupa ya vidole vyake. Mkono ndio uliochoka, si mimi. Halafu akaniomba nimuulize Mama kama anaweza kuja Krismasi, siku moja tu, na kwamba kama ni vigumu kumwona ndani ya nyumba, atalala kwa ng'ombe.

Ndiyo, dada. Yale maneno ni yake. Mimi niliyavisha Kiswahili na sauti ya pua, nikayauza. Wakati narekodi sikufikiria kwamba ni yake, na hilo si la kujitetea. Yalikuwa yamekaa ndani yangu wiki nne bila kupelekwa kwa mwenyewe, na neno lililofungiwa likiona mlango linatoka.

Maana sikuwa nimempelekea Mama ule ujumbe. Hilo ndilo kubwa kuliko trela, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mwanzoni nilijiambia nangoja siku Mama ana moyo mzuri. Siku hizo zilikuja nyingi nikaziacha zipite. Nikikwambia ukweli, nilikuwa nimezoea kuwa mwana wa pekee pale nyumbani. Mama ananiwekea kiti cha Baba. Jambo likitokea naulizwa mimi. Nilimwonea Naftaly wivu hata wa dhambi yake, na nikaogopa akirudi na kusamehewa, atachinjwa fahali kwa ajili yake na mimi nirudi kuwa mdogo anayechekesha wageni. Hapo ndipo uone mtu niliye.

Naftaly hakunisukuma. Alingoja. Mwezi wa tisa ukaisha, wa kumi ukaisha. Halafu kule Ishiara, nadhani, mpakiaji mmoja aliangusha gunia akapiga kelele kwamba mkono ndio uliochoka, na wenzake wakacheka, na ndugu yetu akauliza hayo maneno yametoka wapi, wakamwonyesha. Haya ya gunia ninayakisia. Ninachojua ni kwamba Jumatatu ya wiki juzi nilipata ujumbe kutoka kwake. Ilikuwa ni trela yangu. Hakuandika hata neno moja. Nilipompigia, simu ilikuwa imezimwa, na mpaka leo imezimwa.

Ebu fikiria alivyoelewa. Aliomba msamaha kwa mamake kupitia kwangu, akaletewa jibu la kuchekwa na watu wote wa soko. Kwake hilo ndilo jibu la nyumbani. Nimejaribu kuifuta ile trela, lakini watu walishaibeba kila mahali. Nikifuta yangu zinabaki elfu. Jana mtoto wa chekechea alinisalimia nayo njiani.

Jumapili, baada ya kanisa, nilimketisha Mama nikamwambia nina sauti ya Naftaly. Nikamwekea. Alisikiliza hadi mwisho akaniambia nirudie. Mara ya pili aliniuliza ni ya lini. Nikamwambia ni ya mwezi wa nane. Akaniuliza kama hayo ndiyo yale maneno aliyoyacheka. Nikasema ndiyo, Mama. Dada, hakunitukana. Ningependa sana kama angenitukana. Aliinuka akaenda kumkatia ng'ombe majani, na mimi nikabaki na ile simu, nikalia kama mtu aliyefiwa tena.

Aliporudi aliniambia nibonyeze arekodi. Hajui kuongea na simu, aliishika kwa mikono miwili akapaza sauti kana kwamba Naftaly yuko ng'ambo ya mto. Alimwambia yale ya kaburini yalisemwa na uchungu, na uchungu hauna akili. Alimwambia kwa ng'ombe hakulali mtu, kitanda chake kipo na ametandika. Halafu akaona aibu akataka kunirudishia simu, kisha akairudisha mdomoni akamuuliza kama ule mkono ulipona.

Nimeutuma. Tangu Jumapili una tiki moja tu, haujamfikia.

Nawaomba hivi. Shemeji anawajua wenye malori ya Ishiara. Kuna Mzee Abdirahim ambaye Naftaly alikuwa akimpakilia, naye hupeleka mizigo Maua na mbali zaidi. Amuulize kama alimbeba na alimshusha wapi. Mimi ninafika Ishiara Ijumaa, nimefunga chumba na sitakifungua mpaka nimpate. Akinipiga ngumi ni haki yake, simzuii. Akikataa kuniona ni haki yake pia, nitawaachia nyinyi nisimame mbali.

Najua umekasirika, na sikuombi usikasirike. Wasalimie watoto, wasalimie majirani wanaonikumbuka, na mpe mama mkwe wako mkono wangu. Mama anawasalimu nyote. Anauliza kila asubuhi kama simu imelia. Mungu awalinde, awalainishie mioyo, na njia za huko zisiwe na matope mengi.

Na mkimwona Naftaly kabla yangu, msianze na habari zangu. Mwambieni kwanza kwamba Mama hakumnyima jibu. Hakuwahi kuulizwa.

Ni mimi ndugu yako,
Mithika