Kiungo Kisichokuwa na Chaki

Fundi,

Hapa gereji mimi mzima. Mvua imepungua kidogo, nimekaa kwenye lile tairi lako la kukalia, naandika. Shule niliishia la nne, na kuongea mbele za watu siwezi, unanijua. Kwa hiyo haya nakwambia wewe.

Gari la mashindano la Gwakisa lilipinduka.

Subiri kwanza, yeye ni mzima. Nakwambia mapema usije ukashtuka huko uliko.

Unakumbuka ulivyoliacha. Yale mabomba ya chuma ya kumkinga dereva ulishayachomelea yote, kikabaki kiungo kimoja, cha juu ya kichwa chake. Homa ikakulaza. Wiki ile ile tukakuzika. Gwakisa alipokuja kuulizia gari nikamwambia nitamalizia. Nikamalizia kweli, lakini umeme ulikuwa unakatika na kurudi, na machozi yalikuwa yananijaa ndani ya miwani. Nilikuwa naona nusu nusu.

Wewe kila kiungo ulikuwa unakigonga na nyundo, unafumba macho, unasikiliza. Kikikuridhisha unachora alama ya vema kwa chaki, kama mwalimu. Kisipokuridhisha unasema, "Lusekelo, hiki kinakohoa. Kata." Chaki ilikaa mfukoni kwako, hakuna mwingine aliyeishika. Kiungo changu nilikigonga. Nikaona kama kinalia sawa. Lakini vema sikuchora, niliona siyo kazi yangu hiyo. Gari likaondoka, viungo vyote vina vema, kile kimoja hakina. Sikumwambia mtu.

Siku ya mashindano nilisimama kwenye kona ya mashamba ya chai. Barabara ilikuwa na utelezi. Likaja, likayumba, likabingirika mara tatu, likalala matairi juu katikati ya chai. Wakamtoa Gwakisa macho yamefumba, damu inamtoka sikioni. Wakampakia kwenye pikapu. Watu wote wakakimbilia hospitali. Mimi nilibaki pale pale kwenye kona.

Gari walilivuta mpaka hapa gereji, nikalifunika turubai bila kuliangalia. Mkeo Mama Tumpe akaniletea chakula, sikula. Akaniuliza, "Baba, unaumwa?" Nikasema hapana.

Siku ya tatu asubuhi nikasikia vilio kule mtaa wa Bagamoyo, kwa mama yake Gwakisa. Nikaenda. Nikakuta shangazi zake wametoka kijijini Suma na mikungu ya ndizi kichwani, wengine wameshaanza kumenya, wanalia. Kule kwao habari ilifika kwamba amekufa. Fundi, nilishika ukuta. Nikasema moyoni, nimeua mtu.

Halafu huyo hapo Gwakisa anapinda kona, kwa miguu, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni, kabeba viatu kwenye mfuko wa plastiki. Daktari kamwachia. Mkono umeteguka, sikio limechanika, basi. Siku mbili zote walikuwa wanamwangalia kichwa tu, wakakuta hakina kitu.

Vilio vikakatika. Shangazi yake mkubwa akasimama na kisu mkononi. "Mwe bandu! Jamani! Gwakisa! Sisi tumeshalia, tumekata ndizi, na wewe unakuja unatembea?"

Gwakisa akasema, "Pikeni tu shangazi. Chakula cha hospitali hakina chumvi. Msiba wangu nitaula mwenyewe."

Walicheka mpaka wakalia upya. Mimi sikucheka. Walipokaa kula nikamvuta pembeni, nikamwambia yote. Umeme, miwani, kiungo kisichokuwa na vema. Sijawahi kuongea maneno mengi hivyo, hata na wewe.

Akasema, "Twende tukakione."

Tukafunua turubai. Paa la gari lilikuwa limebonyea mpaka kwenye mabomba, likaishia hapo. Bomba la juu limepinda kama ndizi. Kiungo changu hakijaachia, hakina hata ufa. Nikachukua nyundo yako, nikafumba macho, nikagonga. Kililia, Fundi. Hakikukohoa.

Gwakisa akasema, "Sasa hiyo vema yako unamwachia nani aiweke?"

Mama Tumpe alikuwa mlangoni, kumbe amesikia yote. Akaingia ndani, akatoka na shati lako la kazi, bado halijafuliwa. Chaki ilikuwa mfukoni, imebaki kipande kama ukucha. Akaniwekea kiganjani.

Nimechora. Imekaa upande, lakini imeonekana.

Bomba lile lililopinda nitalikata na kuliweka jipya, siku yenye jua na umeme wa kueleweka. Gwakisa anasema mkono ukipona anarudi barabarani. Gereji naifungua kila siku, Mama Tumpe amenipa funguo.

Nakuahidi kitu kimoja. Gari halitatoka hapa na kiungo kisicho na chaki. Na nikipata mtu wa kumfundisha, sitangoja mpaka nilale kitandani ndiyo aishike chaki. Hapo Fundi ulichelewa kidogo, nisamehe nikisema hivyo.

Lala salama. Ndaga fijo, asante sana kwa yote.

Lusekelo wako