Salamu ya Nje ya Mlango

Tarehe 9 Januari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na baridi ya huko haikuonei sana. Sisi huku wazima. Shangazi anakusalimu, ila amenuna kwa sababu hujamjibu kuhusu miwani yake. Nimemwambia, kwa hati yake ile, huenda barua yake bado unaisoma.

Mzigo ulifika salama: kahawa, sabuni, makopo ya samaki, chokoleti. Wenzangu wodini wanasema baba yangu lazima ana uwezo, maana hata makopo yake yanang'aa kama yameoshwa. Nikawaambia alikuwa msahihishaji wa gazeti, hawezi kuacha doa mahali.

Sasa kubwa lililonifanya niandike. Hospitali inanipeleka mafunzo ya kuhudumia wagonjwa wa figo, wiki nzima, mwishoni mwa Februari. Na unajua ni mji gani? Wako. Wanatoa na malazi, lakini malazi yao siyataki. Nataka kulala kwako, hata sakafuni. Tangu uondoke nikiwa na meno ya utoto tumeonana harusini na msibani tu, siku zote katikati ya watu. Kwako sijawahi kukanyaga. Nataka kuliona hilo dirisha unaloandikia barua, na nikuone unavyopika, nimwambie shangazi ukweli.

Nijibu upesi, nijaze fomu zao.

Mwanao


Tarehe 21 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lile lile, linatabiri mvua kuliko redio. Mwambie shangazi yako barua yake nimeisoma nikafika ukurasa wa pili, asikate tamaa.

Hongera kwa mafunzo. Nilipoisoma habari hiyo nilisimama, nikaketi, nikasimama tena.

Kuhusu kulala kwangu, wakati umekuwa mbaya. Mwenye nyumba anapaka rangi jengo zima, ndani na nje, na Februari ndiyo zamu ya ghorofa yetu. Wewe muuguzi unajua harufu ile inavyokaa kifuani. Kaa kwenye malazi yao, yatakuwa na maji ya moto.

Mimi napendekeza hivi. Jumamosi, mafunzo yakiisha, tukutane saa saba mchana kwenye mgahawa ulio mkabala na stesheni, ule wenye vitambaa vyeupe mezani. Mwenyeji ni mimi. Asubuhi usile kitu. Tutakaa mpaka watufukuze.

Juu ya mapishi usihofu, ninakula vizuri. Jana tu nilinunua samaki mzima.

Baba yako


Tarehe 2 Februari

Baba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia goti linafanya kazi ya redio.

Naona rangi. Mwaka juzi nilipotaka kuja yalikuwa mabomba. Mwaka jana lifti. Jengo hilo, baba, siku wakimaliza kulitengeneza litakuwa kasri.

Shangazi ana maoni yake. Anasema humo ndani kuna mama fulani. Kama yupo, namwamkia kwa heshima zote, na kama anakulazimisha kuvaa soksi kavu basi yuko upande wangu. Nimeandika hayo ili ucheke. Lakini nikuulize bila mzaha: kama ni mimi usiyetaka niingie, utaniambia? Mimi si mtoto tena. Neno zima naweza kulimeza, nusu ndizo zinazonikaba.

Haya, Jumamosi, saa saba, vitambaa vyeupe. Nitavaa koti la bluu usije ukamkumbatia mtoto wa watu.

Mwanao


Tarehe 1 Machi

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta umefika nyumbani salama na uchovu wa safari umekutoka.

Jumamosi nilipata meza ya dirishani. Mhudumu alikuja, nikamwambia mgeni wangu amechelewa kidogo. Alirudi, nikamwambia hivyo hivyo. Mwishowe akaacha kuuliza, akaniletea glasi ya maji bila kuombwa, na watu wengine walipoitaka meza niliwapisha.

Najua mafunzo hayana ratiba ya kuaminika. Niandikie tu kwamba u mzima. Na kama lipo jambo jingine, liseme.

Baba yako


Tarehe 4 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu ndivyo barua inavyoanza. Kama ina mwitikiaji, sijui.

Umesema kama lipo jambo niliseme. Unalijua, lakini nitalisema.

Ijumaa walituachia mapema. Nikachukua anwani nyuma ya bahasha yako, nikasema nitakwenda nisimame chini tu, nilione dirisha. Jengo nikaliona. Hakuna ngazi ya fundi wala ndoo, na kuta zinabanduka kama ngozi ya mgonjwa wa surua. Nikajiambia, rangi imeahirishwa, ndivyo mafundi walivyo. Nikaona ya nini nisipande nikubishie hodi? Ila nisije mikono mitupu. Nikaingia dukani, lile kubwa la hapo kwenye kona, nikanunue matunda.

Ulikuwa mwisho kabisa, karibu na majokofu, pamoja na watu wengine. Mmesimama mmeitazama rafu moja kama mnaopigwa picha. Ulivaa sweta la kahawia nililokutumia. Nilikuja mpaka karibu nikasema, "Shikamoo baba." Usiniambie hukuniona. Macho yako yalinifikia, yakakaa, kisha yakahamia kwenye kabichi. Nikadhani umeshtuka, nikarudia. Wenzako wote wakanipa visogo. Ukaweka kikapu chini polepole kama kuna mayai ndani, ukapita nyuma ya rafu ya sabuni, ukaenda zako.

Baba, wodini nina wazee wasiokumbuka majina ya wake zao. Ukimwamkia, mzee anaitikia. Ni kitu cha mwisho kuwatoka.

Nililipia matunda, nikatokea mlango wa upande wa magari ili watu wasinione ninavyolia. Matunda nikampa mlinzi wa malazi. Na Jumamosi nikaona nisikusumbue. Mtu asiyenijua Ijumaa atanilisha vipi Jumamosi?

Shangazi hajui. Nimemwambia ulikuwa na homa.

Mwanao


Tarehe 13 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hii ni ya barua.

Marahaba. Hii ni ya dukani, ya kwanza.

Marahaba. Na hii ni ya pili.

Nimezipanga hivyo kwa sababu kazi yangu ilikuwa kurudisha neno mahali lilipoanguka. Najua zimechelewa. Nitakueleza, na ukinikuta mahali najitetea, pakate mstari.

Ile rafu ndipo wanapoweka vitu vinavyofikia mwisho wa siku zake: mkate wa asubuhi, maziwa ya kunywewa usiku huo, nyanya zilizobonyea, kuku wa kupikwa leo au kutupwa kesho. Jioni mfanyakazi mmoja huja na mashine yake mkononi na kubandika stika za njano, na bei inashuka. Sisi humngoja. Ni wale wale kila siku, na wengi tunajuana. Mmoja ni jirani yangu wa ngazi moja, mshonaji mstaafu, mama mwenye ulimi mkali na kofia ya sufu hata wakati wa joto.

Pale tuna sheria. Hakuna aliyeitunga. Mbele ya rafu hakuna salamu. Hata kama tumeishi ukuta kwa ukuta, pale simjui, naye hanijui. Kila mtu anajifanya amepita tu, anasoma maandishi ya siagi. Kisha tunalipa, tunatoka, na nje ya mlango tunasalimiana kana kwamba ndiyo kwanza tunakutana. "Jirani, habari za tangu asubuhi?" "Nzuri, wewe unatoka wapi?" Nami mkate niliobeba ni pacha wa wake. Inachekesha. Lakini ni heshima pia, na kwa miaka imenisaidia kupita humo nikiwa na uso.

Nikifika nyumbani nazitoa zile stika. Maji ya vuguvugu kwanza, halafu tone la mafuta ya kupikia, halafu kitambaa. Nilizitoa hata kwenye makopo yako. Ndiyo maana yanang'aa.

Mwenye nyumba hapaki rangi. Chumba ni kimoja. Kitanda kinakunjwa ukutani ili meza ifunguliwe, na viti ni viwili, kimoja cha vitabu. Hita nawasha nikianza kuona pumzi yangu. Pensheni ya mtu aliyefika huku ukubwani ni fupi kama kazi aliyoifanya. Na samaki mzima niliyekuandikia alikuwa kichwa na mkia. Mimi, niliyekuwa nikiwafutia waandishi neno "mzima" pale penye nusu.

Kula mkate wa jana hakukunitia aibu hata siku moja, ulowanishe kidogo uupashe moto na utafurahi. Aibu yangu ilikuwa kwako. Nilikuwa nimekujengea baba mwingine, barua kwa barua, nikampa samaki na mafundi wa rangi, na mwishowe nikawa namwonea wivu. Jioni ile nilikuwa pale mapema kuliko siku nyingine kwa ajili ya Jumamosi, kwa kuwa vitambaa vyeupe havikai mezani bure. Tangu Januari nilikuwa nikila vya rafu ile peke yake, ili nikuambie "agiza unachotaka" na sauti isitetemeke.

Kisha nikasikia sauti yako.

Wale walikupa visogo kwa adabu. Walikuwa wananificha. Mimi ndiye nilikuwa na la kufanya, nalo lilikuwa neno moja ambalo nimelisema tangu nywele zangu zilipoanza kupungua. Mdomo ulifunguka. Nikaona kuwa nikiitikia nitakuwa nimekubali kwamba huyu ndiye, huyu mwenye kikapu, hakuna mwingine. Nikafuata sheria ya rafu, mbele ya mtu asiyeijua, na mtu huyo alikuwa mwanangu.

Nilipofika nje nilisimama. Sikuwa nimekimbia, mwanangu. Nilisimama mlangoni kwa mazoea, nikingoja utoke nikusalimu, maana ndivyo tufanyavyo. Walitoka wengine. Akatoka mshonaji, na hapo akaivunja sheria.

"Yule binti ni wako?"

Nikamwambia mvua inakuja.

"Jirani," akasema, "sikukuuliza mvua."

Sikujua kama duka lina mlango wa upande wa magari. Sijawahi kuwa na gari.

Jumamosi mgahawani ningeweza kukueleza yote, nilikuwa nimeyapanga. Na baada ya hapo nilikuandikia barua ile ya glasi ya maji bila kulitaja duka. Hilo linanikereketa zaidi. Dukani nilishtuka. Ile barua niliiandika nimetulia, nikaisahihisha, nikaibandika stempu.

Shangazi yako umwambie ukweli. Homa sikuwa nayo.

Baba yako


Tarehe 6 Mei

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na hita inawaka.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira yangu ni mvivu wa kuandika. Bado ipo kidogo. Haihusu mkate. Kazini nashika vitu ambavyo wewe huwezi kuvitaja mezani, nitaona aibu ya nyanya iliyobonyea? Hasira yangu ni kwamba miaka yote hii nimemwandikia mtu wa samaki mzima. Nilikuwa namsumbua yeye na matatizo yangu ya kodi na viatu, akanitumia chokoleti. Wewe ulikuwa wapi?

Nilimsomea shangazi. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. Akasema siku moja, nikiwa bado shuleni, alikuta kipande cha stika ya njano chini ya kopo moja. Ulikuwa umekisahau. Alikibandua mwenyewe kabla sijarudi, na hakukwambia wala hakuniambia. Nikamuuliza kwa nini. "Alikuwa amejitahidi sana na mengine," akasema, akaenda jikoni.

Basi mko wawili.

Nina likizo mwezi wa saba. Nitafika Alhamisi ya kwanza, jioni. Mgahawa sitaki. Na dukani sitaingia, sheria yenu nimeielewa na sitaki kumsumbua mama wa kofia. Nitasimama nje, mlango wako, si ule wa magari. Ukitoka nitakuamkia kama ndiyo kwanza tunaonana, ikiwezekana nikuulize unatoka wapi.

Ila utoke na mfuko. Ukitoka mikono mitupu nitajua bado hujaniruhusu kuingia, nitarudi stesheni, na safari hii sitakasirika.

Mwanao


Tarehe 15 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na ile nyingine, ya nje ya mlango, naitunza mdomoni.

Goti limesema kutakuwa kukavu. Vitabu nimevishusha sakafuni, kiti cha pili kiko wazi. Mshonaji nimemwambia, ndiyo, yule ni wangu. Akasema alijua, una visigino vyangu unapotembea.

Nitatoka na mfuko. Siwezi kukuahidi kilichomo, hilo ni la yule mwenye mashine. Lakini chochote nitakachopata tutakiweka mezani na stika yake.

Baba yako