Hadithi Zilizokatizwa Dunguni

Shangazi yangu mpendwa,

Nimempelekea mhariri nusu ya kitabu changu kipya cha watoto, naye anasema hakitatoka mpaka kila sura nimeimaliza vizuri. Eti naziacha zinaning'inia. Lawama nazileta kwako huko uliko, maana huwezi tena kujitetea.

Unakumbuka Majimoto, miaka ile ya hamsini, punje za mpunga wa baba zikiwa bado maziwa? Sisi watoto tulikaa nawe juu ya dungu, jukwaa la kuamia ndege, madebe ya kugonga mikononi, kwelea wala nafaka wakingoja tusinzie. Fimbo hukuwa nayo. Ulikuwa na hadithi. Binti yuko uvunguni, fisi anafungua mlango, wewe unanyamaza na kuelekeza kidevu shambani.

"Ndege hao."

Tulikimbia tukiwatukana kwelea kama waliotuibia. Mimi nilianguka matopeni kila mara. Miguu hii haikuumbwa kwa kazi, ndiyo maana naandika. Tulirudi tukihema.

"Enhe, Shangazi, mlango?"

"Mlango gani? Nyie, ndege wa upande ule mmewaona?"

Tunakimbia tena.

Siku moja ulikuwa na homa, ukaimaliza hadithi yote kwa mkupuo ili upumzike. Tukajilaza chali, tumeridhika. Tulipoinuka, kona yote ya bondeni ilikuwa makapi. Baba alifoka mpaka sauti ikamkauka. Wewe ukajifunga kanga vizuri, ukamwambia, "Usiwapige. Hadithi niliwamalizia mimi."

Watu huniuliza nimejifunza wapi kuwaandikia watoto. Huwa nataja vyuo na semina, nakunja uso kama mwandishi mkubwa. Ukweli ni kwamba nikishika kalamu natafuta tu pale ambapo mtoto hawezi kukaa akatulia. Nikishapafikia, nakata. Sijui njia nyingine, na siitafuti.

Kwa hiyo jana nilimpigia mhariri simu, nikamwambia sibadilishi hata sura moja, na akikataa nampelekea mwingine. Aliongea sana: gharama, walimu, wazazi. Nikamwacha amalize.

"Lakini mzee," akasema polepole, "yule binti wa kitabu chako aliyeanguka kwenye shimo la mgodi, anatoka?"

Nikamwambia nusu iliyobaki itamfikia akishakubali kukichapa kitabu kama kilivyo. Amekubali, Shangazi. Amenuna, lakini amekubali.

Lala salama, nami niko kazini.

Mtoto wa kaka yako