Kiganja Sikioni

Maskati

Kwa mke wangu Bi Zuhura, Langoni, Lamu.

Assalaam alaykum. Natumai wewe na watoto hamjambo, na mama maumivu ya goti yamempungua. Mimi mwili mzima, ila roho imechafuka, na aliyeichafua ni wewe.

Ulinitumia sauti ya kikundi chetu cha kasida wakijifanyia mazoezi ya Maulidi, ukaniambia, "Bwana Twaha kashika nafasi yako ya mbele. Mashallah, ana sauti! Wanawake wote tulitulia tuli." Mlitulia, Zuhura? Kwa Twaha? Fundi cherehani niliyekuwa nikimsahihisha mimi kila Alhamisi? Wallahi niliona wivu hata sahani ya wali nikaisukuma kando.

Sasa sikiza wivu ulikonifikisha. Basi ninaloendesha, la kubeba wafanyakazi, limetiwa kamera ndani, imenikodolea macho usoni. Ukisinzia, ukisahau mkanda, ukishika simu, yaona yenyewe, yalia pi pi pi, na kosa lako lafika ofisini kabla yako. Dereva asiye na kosa mwaka mzima ndiye hupewa likizo mwezi autakao. Mimi sikuwa na hata moja. Nikaomba Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, nije nisimame mbele mwenyewe, nawe unione.

Basi kila nikishawashusha watu, nikirudi peke yangu, nafanya mazoezi. Na wajua siwezi kuipandisha kasida bila kuziba sikio kwa kiganja, ndivyo tulivyofunzwa chuoni tulikosomea Kurani. Siku tatu mfululizo kamera ikalia. Mimi nikadhani yalalamikia mwendo. Nikapunguza mwendo, nikazidisha sauti.

Nikaitwa ofisini. Msimamizi akanionyesha picha.

"Bwana Omari, ulikuwa ukizungumza na nani kwenye simu?"

"Sina simu hapo. Naimba."

Akaikuza picha, akaona kiganja kitupu. Alicheka mpaka akavua miwani. Kosa la simu akalifuta pale pale. Kisha akasema, "Lakini usukani umeushika kwa mkono mmoja, na hilo nalo ni kosa." Mara tatu. Likizo ikaondoka hivyo.

Kosa ni langu, sibishi. Ndia za huku magari yanakimbia vibaya. Lakini hasira zangu zote zamwendea Twaha, maskini, wala hana habari.

Sitakuja, Zuhura. Neno hilo nimeliandika mara mbili nikalifuta.

Nisalimie mama, nisalimie dada yako Mwanaisha na mumewe, na mwalimu wetu wa chuo umwombe aniombee dua. Watoto wabusu.

Nilitaka kukwambia siku ya Maulidi ukae nyumbani. Kisha nikaona watu watasema. Basi nenda, jitie udi, wasikize. Twaha ana sauti, nimemsikia kwa masikio yangu. Ila ukirudi, hata kama kawaliza watu wote, mimi niambie alikohoa.

Ni mimi mumeo mwenye wivu,
Omari